Sokomoko Kidogo

Nianze kwa kukiri kitu: Kiingereza chake sikukielewa. Mara ya kwanza niliposikia sauti ya Michael O'Hehir, kwenye simu ya dada mmoja Mwairishi aliyekuwa anafanya kazi na sisi kwenye kituo cha vijana, nilishika maneno matatu tu, na yote matatu yalikuwa majina ya farasi. Mtu anaongea kama anafukuzwa na nyuki. Dada akacheka, akasema hata yeye inabidi arudie. Basi tukarudia. Tangu siku ile nimeisikiliza rekodi hiyo labda mara thelathini, nyingine usiku nimelala, simu kifuani. Nataka kuwaeleza jinsi mtangazaji wa michezo wa Ireland, aliyefariki tangu 1996, alivyonifanya nigombane na wenzangu hapa kambini, na mwisho nikagombana naye yeye mwenyewe.

Rekodi ile ni ya mbio za farasi za Grand National, kule Aintree, Liverpool, Aprili 8, 1967. Farasi 44 wanakimbia na kuruka vizuizi. BBC walikuwa wameweka watangazaji sehemu mbalimbali, na O'Hehir alipewa upande wa mbali, kule kwenye kizuizi kinachoogopwa, Becher's Brook. Wote waliobaki wakakivuka salama. Kinachofuata ni kifupi, kati ya vifupi kabisa, na hakuna aliyetarajia jambo pale. Ghafla farasi mmoja aliyekuwa amemwangusha mtu wake mapema, Popham Down, akakatiza mbele ya wenzake. Wakagongana. Wengine wakaanguka, wengine wakagoma kuruka, wapandaji chini, farasi wanazunguka bila watu, njia imeziba. Nyuma kabisa alikuwa anakuja Foinavon, farasi ambaye hakuna aliyemhesabu, dau lake 100 kwa 1. Mpandaji wake, John Buckingham, akaona upenyo pembeni, akapita, akaruka, akaenda zake peke yake mpaka mwisho. Akashinda. Leo kile kizuizi kinaitwa Foinavon.

Kinachonishangaza si kasi ya ulimi. Kasi hata vijana wetu wanayo, wape kipaza sauti uone. Kinachonishangaza ni kwamba ndani ya ile fujo O'Hehir hakupoteza muda na "jamani" na "mama yangu". Alitaja majina. Huyu kagoma, huyu kaanguka, huyu yuko chini, mmoja baada ya mwingine, na Foinavon alipochomoka akamtaja papo hapo, farasi ambaye hakuna mtu alikuwa na sababu ya kumjua. Ukisikiliza kwa makini unasikia mtu anayehesabu, kama mama anayehesabu watoto wake baada ya mtumbwi kupinduka. Nani yuko wapi. Nani bado.

Alimjuaje Foinavon? Inasimuliwa kwamba kabla ya mbio alikwenda chumba wanachopimiwa uzito wapandaji ili azikariri rangi za nguo zao, maana kwa mbali farasi hutambulika kwa rangi za mpandaji. Akamkuta mmoja amevaa rangi asizozijua, hazifanani na zilizoandikwa kwenye kitabu cha mbio. Akamuuliza: wewe ni wa nani? Ndiye alikuwa huyo. Mimi hapo huwa nasimamisha rekodi kila ninapowafundisha vijana. Watangazaji wetu wengi wanafika uwanjani mechi imeanza, hawajui hata namba sita anaitwa nani, halafu wanajaza pengo kwa kelele. Yule mzee alikwenda kumuuliza jina hata mtu asiye na nafasi. Kazi yote kubwa ya dakika ile moja ilifanyika kabla, kimya kimya, chumbani, akiwa na kalamu.

Sasa tumrudishe kwao. Alizaliwa Dublin mwaka 1920. Baba yake alitoka jimbo la Clare, na ndiye aliyeifundisha timu ya Clare iliyochukua ubingwa wa Ireland mwaka 1914 kwenye mchezo wao wa fimbo na mpira mdogo, hurling. Michezo yao mikubwa ni miwili, huo wa fimbo, na mpira wa Kigaeli ambao unachezwa kwa mguu na mkono pia: enzi zile ukiingiza wavuni ilikuwa pointi 3, ukipitisha juu ya mwamba ilikuwa 1. Cha kuelewa zaidi ni hiki: mchezaji hanunuliwi. Unachezea kwenu. Timu ni jimbo, ni mahali baba na babu walipozikwa. Ninyi mliowahi kuona mechi ya hapa kati ya zoni na zoni, au kati ya sisi wa Fizi na ndugu zetu wa Burundi, mnajua mechi ya namna hiyo inabeba nini mgongoni.

Akiwa na miaka 18 aliandika barua redio ya taifa kuomba kujaribiwa. Walimpa dakika tano kwenye mechi ya Wexford na Louth. Agosti 1938 akatangaza mechi yake kamili ya kwanza, nusu fainali ya Galway na Monaghan, mjini Mullingar. Chuo kikuu alikuwa anasomea uhandisi wa umeme, akaacha. Hilo naliandika kwa shingo upande, maana kuna vijana wangu watalitumia kama kisingizio.

Msifikirie Ireland ile kuwa hii ya leo yenye ndege zake. Mradi wa kupeleka umeme vijijini ulianza mwaka 1946. Kabla ya hapo, na miaka mingi baadaye kwa wengine, redio ilikuwa ya betri, na betri ilikuwa inabebwa kwenda kuchajiwa kama sisi tunavyopanga foleni kwa wenye sola. Nyumba yenye redio siku ya fainali ilifungua madirisha na majirani wakakaa nje. Watu hao hawajawahi kuuona uwanja wa Croke Park. Wachezaji waliwajua kwa sauti ya mtu mmoja tu. Marehemu baba alikuwa na redio ya namna hiyo, ya kufunga kwa mpira wa baiskeli, tulipokuwa bado upande wa pili wa ziwa, na mechi za Kinshasa na Lubumbashi nilizozisikia pale nazikumbuka vizuri kuliko nyingi nilizoziona kwa macho. Mtangazaji alikuwa anatuonyesha nyasi. Nyasi! Baadaye nikaambiwa ule uwanja haukuwa na nyasi za maana. Sijui kama nimsamehe.

Halafu kuna 1947, na hapa nawaomba wasomaji tunaoishi mbali na kwetu tusogee karibu. Miaka 100 kabla yake, njaa kuu ya viazi ilikuwa imeua watu karibu milioni moja Ireland, na zaidi ya milioni nyingine wakapanda meli. Wajukuu wao wamejaa New York. Basi chama cha michezo yao, GAA, kikaamua fainali ya mpira ya mwaka ule isichezwe Dublin, ichezwe New York, kwenye uwanja wa Polo Grounds, Cavan na Kerry, Septemba 14. Ndiyo mara pekee fainali hiyo imewahi kuchezwa nje ya Ireland. Kawaida anayeondoka ndiye anayetega sikio kusikia habari za nyumbani. Siku ile ikageuka: nyumbani, jioni, taifa zima limetega sikio kusikia kinachotokea kule walikokimbilia watu wake.

Laini ya kuvusha sauti baharini ilikuwa imelipiwa mpaka saa kumi na moja jioni kwa saa za New York. Sherehe na hotuba zikala muda (hotuba ni hotuba, hata Marekani). Mechi ikachelewa. Saa ya kukatwa ikakaribia na mpira haujaisha. O'Hehir, huku anatangaza, akaanza kumwomba mtu asiyemjua, yeyote aliyekuwa kwenye mitambo njiani na anamsikia: tuongezee dakika tano. Akarudia. Tano tu. Laini haikukatwa. Cavan wakashinda, 2-11 kwa 2-7, yaani pointi 17 kwa 13, na Ireland ikasikia mwisho.

Nilipowasimulia hiyo kituoni, kijana mmoja akasema: "Kumbe hata wao waliomba." Ukumbi ukacheka ila si sana.

Angeweza kusema samahani wapenzi wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Ni kauli ya heshima, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alijua nani yuko upande wa pili wa waya. Kwangu hiyo ndiyo fainali yake kubwa kati ya fainali 99 alizotangaza, kabla ya kiharusi kumnyamazisha Agosti 1985 akiwa amebakiza moja atimize 100. Mengine nayapita: aliongoza michezo kwenye runinga ya taifa ilipoanza, na Novemba 1963 alipojikuta Marekani wakati Kennedy ameuawa, wakampa atangaze mazishi moja kwa moja kwa saa tano.

Sasa ugomvi wangu.

Mwaka juzi tulikuwa na kombe la vijana. Nilikuwa nimemfundisha mtangazaji wetu mimi mwenyewe, na fundisho langu lilikuwa fupi: tangaza unachokiona. Nusu fainali ikawa Wakongomani na Warundi. Dakika ya sabini na kitu, rafu, mmoja kaanguka, wenzake wamekuja, ngumi. Mtangazaji wetu, kwa hasira, akasema kwenye spika: "Warundi wamempiga mtoto wetu!" Maneno manne. Kabla refa hajafika pale, watu walishaanza kutoka sokoni wakikimbia, wengine na fimbo, na wengi wao hata mpira hawaupendi. Kijana mmoja aling'olewa meno mawili. Kombe likafutwa, uwanja ukafungwa miezi miwili, na mimi nikaitwa ofisini kuandika maelezo. Nilistahili. Kipaza sauti nilimpa mimi, na ile "wetu" sikuwahi kumkataza.

Ni katika ile miezi miwili ndipo yule dada Mwairishi alipoanza kunisikilizisha O'Hehir, na siku moja akaniambia kuhusu neno shemozzle. Waairishi wa umri fulani wote wanalijua kwa sababu yake. Wachezaji wakianza kupigana, na kwenye hurling kumbuka wana fimbo mikononi, O'Hehir alikuwa anasema kuna shemozzle kidogo pale karibu na goli, kisha anasubiri ipite. Nani kaanza, nani kapiga, hasemi. Dada akasema babu yake alikuwa na msemo kwamba ukisikia shemozzle, ujue kuna mtu anavuja damu.

Nikalipenda lile neno palepale. Nikatafuta la kwetu. Vita hapana, hapa hilo neno hatuchezei. Fujo inaita polisi. Vurugu imeshaandikwa kwenye ripoti nyingi mno. Nikapata sokomoko. Linafanana mpaka kwa mlio, lina kicheko ndani yake, ukilisema hakuna mtu anayeshika fimbo. Tukaanza upya na sheria mpya, nikaiandika ubaoni: hakuna kabila, hakuna nchi, hakuna "wetu". Wakipigana, ni sokomoko kidogo, tunasubiri mpira uendelee.

Na nilikuwa na hoja. Ireland ya O'Hehir ilikuwa imetoka kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1922 mpaka 1923. Alipoanza kutangaza, ilikuwa haijapita hata miaka ishirini. Kerry, jimbo lile lile la fainali ya New York, ndiko walikouana vibaya, na timu ya Kerry ya miaka iliyofuata ilikuwa na watu wa pande zote mbili ndani ya jezi moja. Hebu fikiria wewe ndiye una kipaza sauti, nchi nzima iko dirishani, na mtu wa jimbo hili amempasua kichwa mtu wa jimbo lile. Utasema jina? Mimi naamini alinyamaza kwa sababu alijua sauti yake inaingia nyumba ngapi. Hicho ndicho nilichowaeleza wenzangu waliosema tunawafundisha vijana kudanganya. Nikawaambia hapana, hii ni busara, na kuna mzee wa Ireland aliifanya karibu miaka hamsini. Tukabishana mpaka jioni. Nilishinda, kwa kuwa ubao ulikuwa wangu.

Mwaka jana, mechi ya zoni mbili, ikatokea tena. Safari hii wote Wakongomani, kisa wivu tu wa vijana. Mmoja alipigwa teke la kichwa akiwa chini, akazimia, akabebwa kwa bodaboda hadi zahanati. Mtangazaji wetu akafanya nilichomfundisha, tena kwa ufundi mkubwa: "Sokomoko kidogo pale upande wa kona, tunasubiri, tunasubiri... haya, mpira umerudi." Hakuna aliyekimbia. Hakuna fimbo. Nilimpa dole gumba kutoka ng'ambo ya uwanja.

Mama yake yule kijana anauza dagaa na mandazi barabarani, mwendo wa dakika tano kutoka uwanjani. Spika yetu inafika pale. Ndiyo sababu anapenda siku za mechi, anamfuatilia mwanawe kwa sikio. Alisikia sokomoko kidogo. Akaendelea kuuza. Aliuza karibu saa mbili nyingine, mpaka mtoto wa jirani alipokuja kumwambia. Kijana alipona, mshukuruni Mungu. Lakini nilipokwenda kumsalimia zahanati, mama alikuwa amekaa kwenye benchi na beseni lake la mandazi bado limefunikwa, akaniangalia akasema: "Baba, nyie si mlikuwa mnaona?"

Nilirudi nikasikiliza Foinavon tena, na safari hii nilikasirika. Mtu huyu, kwa sekunde chache, ametaja farasi kwa majina, huyu yuko chini, huyu amesimama. Farasi! Lakini mtu wa Tipperary akipasuliwa paji la uso mbele ya macho yake, na mama yake yuko dirishani kijijini anasikiliza, anaambiwa kuna shemozzle. Jicho lilikuwa lile lile. Daftari la majina lilikuwa lile lile. Alichagua. Na nikaona kwamba mimi nilichukua nusu ya O'Hehir iliyo rahisi, neno lake la kuchekesha, nikaiacha ile ngumu, ya kwenda chumbani na kalamu kuuliza wewe ni wa nani.

Simtupi. Ukinipa kazi ya kuchagua sauti moja ya kufundishia utangazaji, bado ni ya kwake. Lakini nadhani alichanganya watu wawili: yule atakayeshika fimbo akisikia nani kapiga, na yule anayehitaji kujua nani kapigwa. Wa kwanza alimlinda sana. Wa pili alimsahau, na kwa mtu aliyeomba dakika tano kwa ajili ya wasikilizaji wake, hilo linaniuma zaidi. Siku ya New York hakuwaacha gizani kuhusu pointi nne. Kwa nini awaache kuhusu damu?

Siku hizi tunafanya hivi. Aliyeumia anatajwa jina, kama ameamka au anabebwa, na anapelekwa wapi. Aliyempiga hatajwi kwenye spika; refa ana kitabu chake. Timu hazitajwi kwa asili. Sokomoko bado linaruhusiwa, ila lisije peke yake. Mtangazaji wetu hakubaliani na mimi, anasema kumtaja aliyebebwa ni sawa na kumtaja aliyempiga, maana ndugu zake watauliza tu nani, na watapata jibu. Inawezekana. Kuna dada wa shirika moja naye anaona jina la mgonjwa ni siri ya mgonjwa. Nimemwomba aje aseme hivyo mbele ya yule mama, tusikilize wote wawili.

Jumamosi kuna mechi, saa kumi. Tumesogeza spika moja ielekee barabarani, upande wa wauza dagaa, na mtangazaji ameshapita kwenye timu zote mbili na daftari.